Kelele za Wifi Yangu

Wifi yangu ni mfupi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mwenyewe hapendi lisemwe, na mimi nikiwa wifi yake nina haki zote za kulisema. Akisimama kando ya pikipiki yake, kiti kinamfika kifuani. Ili aipande huisogeza hadi kwenye ukingo wa baraza, anapanda baraza kwanza, halafu kiti. Huko njiani kusiko na baraza hutafuta jiwe au gogo. Asipopata, huweka mguu mmoja kwenye kikanyagio na kujirusha juu, pikipiki inayumba, na kila aliye karibu anafumba macho. Mpaka leo haijamwangusha kwa namna hiyo, ingawa mimi nimeshaisubiri sana siku hiyo.

Ni daktari wa mifugo. Wenye ng'ombe humwita Bibi Mifugo, na wakilitamka jina hilo huvua kofia. Ana mikono midogo yenye nguvu ajabu. Nimewahi kumwona akimshika dume puani na kumsemesha taratibu, hadi dume likasahau lilichokuwa limekasirikia. Lakini kifungo cha shati hawezi kushona. Sindano ya ng'ombe anaijua, ya nguo inamchoma vidole, kwa hiyo vifungo vyake vyote nimevishona mimi, na kila nikishona namkumbusha.

Kaka yangu, yaani mume wake, ni fundi saa. Meza yake iko dirishani katika chumba cha mbele, na kutwa nzima amejibandika kile kioo kidogo jichoni, ameinamia vigurudumu ambavyo ukipiga chafya vinapotea. Ni mtu wa maneno machache. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu linaweza kukufikia baada ya chakula cha mchana, ukiwa umeshasahau uliuliza nini. Watu hushangaa wawili hao walipatanaje. Mimi sishangai hata kidogo: mmoja anapenda kusikiliza, na mwenzake hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu mume wangu afariki nakaa katika chumba cha uani cha nyumba hiyohiyo, na cherehani yangu nimeiweka mlangoni kwa ajili ya mwanga. Pikipiki ya wifi hulala ukutani, pua kwa pua na mlango wangu. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Usije ukadhani nazungumzia zile pikipiki za kubebea abiria. Hili ni dubwana la safari za mbali: injini ya silinda mbili, tanki pana, shokapu ndefu, tairi zenye meno, na vyuma vya pembeni vya kuikinga injini isigongwe na mawe. Mradi fulani uliileta ofisini kwao, mradi ukaisha, pikipiki ikabaki. Wanaume wa ofisini waliijaribu mmoja baada ya mwingine. Huyu alisema nzito, yule alisema kiti kiko juu mno, na wa mwisho aliingia nayo kwenye maua ya mkuu wa ofisi na akatoka na miiba mahali pasipotajika. Ikafunikwa turubai. Wifi akaenda kuomba ufunguo.

Walicheka, bila shaka. Naye akacheka nao, kisha akachukua ufunguo. Kila siku ya mapumziko alikuwa kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala la ofisi, akianguka na kuinuka. Alijifunza kuinyanyua kwanza kabla hajajifunza kuiendesha: unaipa mgongo, unachuchumaa, unaishika, halafu unaisukuma kwa makalio huku unarudi kinyumenyume. Urefu alinyimwa, lakini huko nyuma alijaliwa, na dubwana lilikuwa likisimama. Aliporudi nyumbani nayo kwa mara ya kwanza alikuwa amechubuka viwiko vyote viwili na ana furaha ya mtu aliyepata jiko jipya. Kaka yangu alitoka barazani, akaizunguka, akasikiliza injini, akasema ina moyo mzuri.

Moyo sawa, lakini koo je? Mwisho wa bomba la moshi la pikipiki kuna ule mtungi wa kupunguza sauti, sailensa. Ya kwake iligonga jiwe la mtoni katika safari zake za mwanzo, ikabonyea, kisha kutu ikaitoboa. Tangu hapo kelele yake haikuwa kelele ya kawaida. Ilianza kwa kikohozi kikavu, ikatulia kidogo, halafu ikaanza kukoroma kutoka chini kabisa, mkoromo ulioingia kwenye sakafu na kupanda kwa miguu ya cherehani yangu. Mkasi ulitembea wenyewe mezani. Pini zilicheza kwenye kisahani. Mwanamke mmoja niliyekuwa nampima kiuno alijikuta ameongezeka, kwa sababu mkono wangu uliruka. Kabla ya kutoka uani wifi alikuwa na mtindo wake: anavuta mafuta kidogo, kidogo tena, halafu mara moja kwa nguvu, ndipo anaondoka. Mwenye duka wa jirani alikuja kulalamika kwamba mtoto wake akilazwa tu, pikipiki inaamka.

Niliipa jina. Niliiita Mume Mwenza. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia dirishani kwa kaka yangu na kumwuliza kama mume mwenzake ameamka salama, na yeye anatabasamu chini ya kioo chake bila kunijibu. Wifi naye ananijibu kwa niaba yake, na hatuachi mpaka mmoja wetu ashindwe kwa kicheko.

Sasa nieleze kazi ya milimani, maana bila hiyo hutaelewa kilichotupata. Ng'ambo ya mto, juu huko, kuna malisho ambako wafugaji hukaa na mifugo yao. Gari halifiki. Simu haishiki. Chanjo ikiwasili ofisini huwekwa kwenye sanduku la barafu, na barafu hiyo haimsubiri mtu: jua likianza kuinama inakuwa maji, na chanjo iliyopata joto ni ya kumwaga. Kwa hiyo daktari hawezi kufika kisha akae kungoja ng'ombe watafutwe mabondeni. Ni lazima awakute wamekusanyika. Na hakuna njia ya kuwaarifu kwamba leo ndiyo siku.

Njia ilipatikana bila mtu kuipanga. Mwenyekiti wa wafugaji, bwana mmoja mcheshi mwenye koti la mvua asilolivua hata jua likiwaka, alianza kuwapa ng'ombe chumvi siku ya chanjo, wapate kusahau sindano. Siku hiyo tu, si nyingine. Ng'ombe si wajinga. Waliunganisha wenyewe: ule mkoromo ukisikika, chumvi ipo. Barabara ya kupanda huko inazunguka mlima wote, lakini sauti haizunguki, inakata moja kwa moja. Hivyo wifi akiwa bado anahangaika na mawe upande wa chini, ng'ombe wa upande wa juu wameshaacha majani na kuanza safari, na wafugaji wanafuata nyuma. Akitokeza, boma la magogo limejaa. Aliponisimulia mara ya kwanza nilijua anatia chumvi, na nilimwambia hivyo.

Basi mwaka huo mambo yakaharibika. Wifi alilazwa na homa kali wakati wa chanjo, na mwenzake wa ofisini akaenda badala yake kwa gari la ofisi. Gari likakwama mtoni. Sanduku likarudi na maji ya uvuguvugu, chanjo yote ikamwagwa. Mkuu wa ofisi si mtu mbaya, nataka lieleweke hilo. Ana chanjo chache na wanaozitaka ni wengi. Alimwita wifi alipopona akamwambia waziwazi: sanduku jingine likirudi bila kutumika, milima itatolewa kwenye ratiba, na pikipiki itapelekwa kituo cha tambarare ambako kuna lami. Na wakati huohuo habari zilikuwa zimeshafika kwamba ugonjwa wa ng'ombe umeingia bonde la jirani na yale malisho.

Jioni hiyo wifi alikula bila kusema neno. Kaka yangu aliondoa kioo jichoni, akakiweka kando ya sahani, akamtazama kwa macho yote mawili. Mimi niliogopa. Nyumba ile nilikuwa nimeizoea na kelele zake, na ukimya wa wifi ulikuwa mzito kuliko mkoromo wowote.

Siku chanjo mpya ilipofika, mwenzake aliyezoea kumshikia sanduku alikuwa likizo ya uzazi. Wifi akaja mlangoni kwangu amejaa upole, nikajua kuna jambo. Alisema anahitaji mtu mwenye mkono mtulivu wa kujaza mabomba ya sindano, na kwamba mimi sindano ndiyo kazi yangu. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu mzima mwenye heshima zangu. Alisema heshima zangu atazifunga vizuri kwa kamba pamoja na sanduku. Sikukubali. Nilijikuta tu nimevaa suruali ya kaka yangu.

Na kaka yangu, mtu wa kusikia yote na kusema machache, alikuwa ameandaa jambo lake. Alikuwa amemsikia mwenye duka, na kwa muda mrefu alikuwa amenisikia mimi. Zaidi ya yote alikuwa amemwona mke wake amenyong'onyea, akataka kumfurahisha. Wifi alipokuwa ofisini akifuatilia barafu, alimwita fundi wa pikipiki, wakaitoa ile sailensa mbovu na kufunga mpya. Aliing'arisha mwenyewe kwa kitambaa chake cha kung'arishia saa. Wifi alipowasha, tulidhani haijawaka. Aliweka kiganja juu ya tanki ahakikishe. Ilikuwa inanong'ona tu. Alicheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu augue, akamkumbatia mume wake mbele yangu na mbele ya mwenye duka, na kaka yangu akainamisha kichwa kwa haya. Mimi nilipiga makofi. Fundi aliondoka na ile mbovu, ikaishia kwenye vyuma chakavu. Kati yetu watatu hakuna aliyefikiria ng'ombe.

Tuliondoka asubuhi yake. Mpaka darajani njia ni nzuri na nilijikaza kisabuni, nikakaa nimenyooka kama abiria anayejua anakokwenda. Baada ya daraja, barabara inaisha na kinachoendelea ni ubishi tu kati ya mlima na anayeupanda. Kwanza mchanga. Gurudumu la mbele likaanza kwenda linakotaka, nami nikamshika wifi kiuno na kumwita kwa jina la marehemu mama yangu. Aliniambia nisimame kwenye vikanyagio akisimama, nikae akikaa, na nisijaribu kumsaidia kwa lolote. Alisimama. Nikasimama. Na hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nilipokuwa mlangoni na cherehani yangu: pikipiki ilikuwa inacheza chini yetu, inayumba kushoto, inayumba kulia, na yeye juu yake ametulia tuli. Haikamati, haigombezi. Anaiacha ijitafutie njia, na ikizidi anairudisha kwa goti.

Mtoni maji yalitufika kwenye mapaja na mawe yalikuwa ya ukubwa wa vichwa vya watu. Shokapu zilishuka na kupanda chini yetu, moshi ukatoa mapovu majini, tukatokea ng'ambo tumelowa chapachapa. Halafu ule mwinuko wa udongo mwekundu, umelainika kwa mvua, ambao ningeambiwa niupande kwa miguu ningeomba udhuru. Tulipoteleza, akapunguza gia, tairi la nyuma likachimba, likang'ata, likatusukuma juu. Nilipiga yowe. Katikati ya yowe nikagundua kwamba ninacheka, na kwamba nimekuwa nikicheka tangu mtoni. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu niwe mjane, na sioni haya kuisema.

Na safari yote hiyo tulikwenda kimya. Nilisikia ndege, nilisikia maji, nilisikia mpaka sala zangu mwenyewe. Nilimpigia kelele sikioni kwamba mume wake ni mtu wa maana sana.

Tulipotokeza juu, boma la magogo lilikuwa tupu.

Alikuwapo Mwenyekiti peke yake, na koti lake la mvua, anapigilia gogo lililolegea. Hakutusikia. Wifi alipozima injini na kumwamkia, aliruka na nyundo ikamponyoka.

"Mmekuja kimya kama wezi," alisema. "Ng'ombe wako mabondeni huko. Nani angewaambia?"

Wifi alishuka. Alilifungua sanduku, akagusa barafu kwa kidole, akalifunga. Kumpeleka mtu kila bonde kwa miguu kungechukua mpaka jioni, na barafu hatungekuwa nayo. Alikaa juu ya jiwe akaitazama ile sailensa inavyong'aa. Nilimwambia kaka yangu hakujua. Alijibu kwamba kaka yangu hana kosa, kazi ni yake na ng'ombe ni wa kwake, na kama kuna aliyepaswa kujua ni yeye. Nilihisi roho inaniuma kwa ajili yake, huyu mtu mfupi aliyejichubua viwiko kwenye uwanja wa vumbi ili afike hapa, na sasa amefika vizuri kuliko siku zote na kufika kwenyewe ndiko kulikomwangusha.

Nikamwambia aing'oe.

Alinitazama, kisha akafungua mfuko wa spana. Alivaa glovu zake nene, akalegeza nati, akaivuta ile sailensa ya moto na kuiweka kwenye majani. Akawasha. Sijui nieleze vipi. Haikuwa kukoroma, ilikuwa kupasuka. Ilitoa milio ya risasi, ndege wote wa mlima ule wakaruka, Mwenyekiti akaziba masikio kwa koti. Kwenye mteremko wa mbele yetu kulikuwa na ng'ombe wachache tuliowaona kwa mbali. Waliinua vichwa, wakasikiliza, halafu wakageuka na kutoka nduki upande wa pili.

Wifi akazima. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na si kwa sababu ya moshi.

"Si yenyewe hiyo," nilisema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Ile ya zamani haikuwa inafoka. Ilikuwa inakoroma. Irudishe sailensa, lakini usiisukume mpaka mwisho. Iachie mdomo."

Nawe msomaji jiulize, nani mwingine duniani alikuwa anaijua kelele ile kama mimi? Wifi alikuwa juu yake, upepo masikioni. Kaka yangu alikuwa anaisikiliza injini, moyo wake, si koo. Mimi ndiye niliyekaa nayo pua kwa pua, asubuhi baada ya asubuhi, nikiichukia kwa makini. Wifi hakubisha. Aliirudisha sailensa kwenye bomba, akaiacha imening'inia nusu, akawasha. Laini mno. Nikamwambia avute nje kidogo. Sasa ilifoka. Nikamwambia arudishe, lakini unywele tu. Nilifumba macho na kuinua mkono, kama ninavyofanya nikipima mkazo wa uzi kabla sijaanza nguo ya harusi. Aliisogeza. Kwanza hakuna kitu. Halafu nikausikia mkoromo unapanda kutoka ardhini, ukaingia kwenye nyayo, ukapanda magotini, na pini niliyokuwa nimeisahau kwenye ukosi wa blauzi ikaanza kutetemeka.

"Hapo," nilisema. "Hapohapo. Kaza."

Alikaza nati. Kisha akaniambia yeye lazima aandae sindano, hivyo nishike mimi mkono wa mafuta. Kwa hiyo mimi, niliyeomba kimya kwa miaka, nilisimama juu ya mlima na suruali ya kaka yangu na kuvuta mafuta. Kidogo. Kidogo tena. Halafu kwa nguvu zangu zote.

Tulingoja. Mwenyekiti alitazama mabonde. Nikavuta tena: kidogo, kidogo, kwa nguvu. Hakuna. Nilianza kufikiria njia ya kurudi na sanduku limejaa, na nitamwambia nini kaka yangu. Ndipo Mwenyekiti akainua kidole. Kulikuwa na kengele mahali fulani chini yetu, inalia kwa haraka.

Wa kwanza alikuwa jike jekundu la pembe moja. Alitokeza ukingoni anakimbia, mkia juu, matiti yakipiga huku na huku, bila heshima yoyote ya umri wake. Nyuma yake wakaja wengine. Kisha wakaja kutoka upande wa pili, hata wale waliotukimbia, na kutoka bonde la kulia, na kutoka vichaka ambavyo sikujua vinaficha kitu, weusi, weupe, wa madoadoa, na ndama wanaojikwaa kwa sababu hawajui kinachokimbiliwa ila wameona mama zao wanakimbia. Nyuma kabisa wakaja wafugaji wenyewe, wanahema, mmoja ana buti moja tu mguuni. Mwenyekiti alianza kucheka, akashindwa kusimama, akashika gogo. Wifi alinirukia shingoni, na kwa kimo chake aliishia kunikumbatia kiuno. Nililia. Naye alilia. Halafu akajifuta kwa kiwiko na kuanza kuchanja.

Nilijaza mabomba ya sindano mpaka vidole vikafa ganzi, na kila nikisikia kuna bonde halijaleta, narudi kwenye pikipiki na kuvuta mafuta. Wafugaji wakaniita Mpiga Ngoma. Ng'ombe waliingia bomani mmoja mmoja, sindano, kisha chumvi, kisha wanatoka wanajilamba pua. Chupa ya mwisho ilipoisha, ndani ya sanduku kulikuwa bado na vipande vya barafu. Mwenyekiti alikitia kimoja mdomoni, akasema hajawahi kuonja chakula cha ofisini kitamu hivyo.

Tulipofika darajani wifi alisimama, akaisukuma sailensa mpaka mwisho na kuikaza, kwa sababu ilikuwa zawadi. Tukaingia uani kimya. Kaka yangu alikuwa dirishani, na mezani mbele yake hakukuwa na saa hata moja iliyofunguliwa. Alitutazama kama watu waliofufuka. Baadaye, pole kwa pole, akatueleza: siku zote huusikia mkoromo ukifika darajani, ndipo anaweka maji ya wifi motoni. Leo hakusikia kitu. Aliweka maji kwa kukisia, yakachemka, yakakauka, akaweka mengine.

Tulimsimulia yote, tukinyang'anyana maneno. Nilimwigizia jike la pembe moja. Alisikiliza, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kioo kikamdondoka jichoni kikaingia kwenye chai. Sijawahi kumwona kaka yangu akicheka namna ile, hata utotoni.

Mkuu wa ofisi alipokea sanduku tupu, akalifungua kuhakikisha, akalifunga. Milima ikabaki kwenye ratiba, na Mume Mwenza akabaki uani kwetu.

Neno la kaka yangu lilikuja kesho yake, baada ya chakula cha mchana. Aliniita nitoke nje. Alikuwa ametengeneza kibano cha chuma chenye kipini kidogo cha kuvuta kwa mkono, na akanitaka nisimame mlangoni kwangu nifumbe macho. Wifi aliwasha, yeye akaisogeza sailensa taratibu, na mimi nikasema hapo. Alichora alama kwenye bomba kwa msumari wake wa saa. Siku hizi kipini kikiwa ndani, pikipiki inanong'ona na mtoto wa mwenye duka analala. Kikivutwa mpaka kwenye alama yangu, inakoroma. Nami nimeshona mfuko wa turubai nene wa glovu na spana, wenye kifungo ambacho hata wifi hajaweza kukikata.

Siku ya milimani wifi hutoka asubuhi bila kuniamsha, na ningeweza kuendelea na kazi zangu. Lakini huwa nimeshaamka. Nauondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, nasubiri. Katika chumba cha mbele kaka yangu naye ameacha saa zake, najua, maana sisikii kibanio chake cha kushikia vigurudumu kikigusa sahani. Tunakaa hivyo, yeye dirishani kwake, mimi mlangoni kwangu. Kisha mkoromo unakuja kutoka mbali, upande wa daraja: kidogo, kidogo tena, halafu kwa nguvu.

"Mume mwenzako amevuka," namwambia kwa sauti ya kupenya ukuta.

Nasikia kibanio kikigusa sahani. Anarudi kwenye saa yake, nami narudi kwenye nguo yangu.